Mausi ya Mkono wa Theopista

Kompyuta ilifika ofisini Bukoba siku ya Jumatatu, na kufikia Jumatano Theopista alikuwa ameshaichukia mausi yake kuliko alivyowahi kumchukia binadamu yeyote.

Kompyuta yenyewe hakuichukia. Kwa miaka tisa alikuwa mpiga chapa wa shirika la kuwatunza yatima, na orodha ya yatima wa Muleba peke yake ilikuwa na kurasa sitini na mbili. Kila mlezi alipokufa, na mwaka ule wa 1998 walezi walikuwa wakifa kila wiki, ukurasa mzima ulipigwa upya: jina la mjomba linatoka, la bibi linaingia. Mara nyingine Theopista alimaliza ukurasa, akausaini, na kabla haujafika kwa katibu habari zinakuja kwamba bibi naye wamemzika jana. Mashine inayoweza kubadilisha jina moja na kuyaacha mengine yakae palepale aliiona kama rehema.

Tatizo lilikuwa kile kidude cha pembeni, chenye mkia.

Vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekunjamana kiganjani vikashikana humo humo, isipokuwa cha shahada, kilichobaki kimepinda kama ndoana. Mkono wa kushoto ulikuwa ngumi isiyofunguka. Aliungua vitani, mwaka 1978, askari wa Amini walipochoma nyumba yao upande wa Kyaka naye akarudi ndani kumtoa mdogo wake. Mdogo wake alipona moto ule, akaja kufa miaka kumi na mitano baadaye kwa ugonjwa huu wa sasa, akamwachia mtoto mmoja, Koku. Theopista hakuwa na mazoea ya kuyasimulia hayo. Alikuwa amejifunza kupiga taipureta kwa ndoana na ngumi, na taipureta haikudai kubembelezwa. Ilitaka kupigwa, na kupiga alijua. Hata vitufe vya kompyuta alivizoea kwa siku mbili.

"Shika," alisema Bwana Pastory, katibu wa shirika, akiwa amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nimeshika."

"Hujashika. Umeilalia."

Theopista aliisukuma mausi kwa kisigino cha kiganja. Mshale ukaruka, ukagonga ukingo wa kioo, ukapotea.

"Polepole! Haya, sasa bonyeza mara mbili. Haraka. Ti-ti!"

Alibonyeza kwa ndoana. Kila alipobonyeza, mausi iliteleza, kwa sababu kidole kilekile kilichobonyeza ndicho kilichosukuma. Badala ya jalada la yatima kufunguka, likaburutwa, likaingia ndani ya jalada la matengenezo ya magari na kutoweka.

Mlinzi na dereva, waliokuja kuangalia maajabu mlangoni, wakacheka. Bwana Pastory akainama, akaushika mkono wake kwenye kifundo, akaanza kuuendesha juu ya meza kama mtu anayemfundisha mtoto kuandika herufi ya kwanza.

"Bwana Pastory, usinishike."

"Nakuelekeza tu, mama."

"Nielekeze kwa mdomo."

Pastory aliachia, akanyoosha shati lake. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alijifunza mausi siku iliyopita, mlango ukiwa umefungwa, na hofu yake ilikuwa haijatoka. Ndiyo maana alikuwa mkali.

"Sikiliza, Theopista. Bodi inakaa Muleba tarehe thelathini. Wafadhili watakuwepo. Orodha iwe ndani ya kompyuta, na mtu wa kuiendesha awepo. Kuna msichana amesomea haya mambo Mwanza, ameniletea maombi. Ukishindwa hatutakutupa. Tutakutafutia kazi nyepesi. Kupokea wageni, kuwapa soda."

"Kwa mshahara gani?"

"Hayo ya mshahara ni ya bodi."

Theopista akaitazama mausi. Nyepesi. Chupa ya soda alikuwa hawezi kuifungua tangu ana miaka kumi na minne.

*

Mumewe, Mwalimu Mushumbusi, alifundisha shule ya msingi Buhembe, na alikuwa na tabia ya kulitatua jambo kabla hajaambiwa lote.

"Usiendelee," alisema Jumamosi mchana, mkewe akiwa katikati ya maelezo. "Nimeshaelewa. Tatizo ni kushika. Ikishikana na mkono, basi."

"Siyo kushika tu, Baba Koku. Hata nikishika, nikibonyeza ina..."

Lakini Mwalimu alikuwa ameshatoka uani. Alirudi na mpira wa ndani wa baiskeli, akaukata vipande virefu, akaichukua mausi ya ofisi ambayo Theopista aliruhusiwa kuja nayo nyumbani, akaifunga juu ya mkono wake: mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu fundo.

"Sogeza."

Theopista akausogeza mkono mezani.

"Unaona? Haichomoki!"

"Haichomoki. Na kidole changu cha kubonyezea umekifungia chini ya mpira."

Mwalimu akainama kutazama. Ilikuwa kweli. Akajaribu kulifungua fundo, likakataa, mpira ukazidi kukaza. Mkono ukaanza kuwa mwekundu. Akiwa anatafuta kisu, jirani yao Anatolia akabisha hodi na kuingia papo hapo, kama ilivyokuwa desturi yake, kuomba chumvi.

"Maawe!" Anatolia akashika mdomo. "Mama Koku, umefungwa nini? Kina mkia!"

"Ni kazi ya ofisini," akasema Theopista.

"Kazi ya ofisini," akarudia Anatolia, na kwa sauti yake mtu angejua kwamba kabla jua halijazama nyumba zote hadi kisimani zingekuwa zimeipata habari hiyo.

Alipoondoka na chumvi yake, Mwalimu aliukata mpira kwa kisu cha jikoni, akamkwaruza mkewe kidogo juu ya kovu.

"Samahani. Tutajaribu njia nyingine."

"Mimi nitajaribu. Wewe pumzika."

Hakupumzika. Jumapili, baada ya misa, alikaa mezani na karatasi ya mistari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa ubaoni. Theopista alipomuuliza anaandika nini, alisema ni maandalio ya masomo. Jumatatu aliipeleka mwenyewe kwa Bwana Pastory, naye Pastory, aliyefurahi kuona mzigo unamtoka, akaituma kwa faksi kwa wafadhili Dar es Salaam.

*

Hamidi alikuwa fundi wa redio na taipureta pale mtaa wa Bilele. Babu yake alitoka Tanga akifuata kazi ya reli, na Hamidi alikuwa amebakiza kutoka huko namna ya kumwita kila mwanamke "bibie" na subira kubwa kwa vitu vibovu. Taipureta ya Theopista alikuwa ameihudumia miaka yote tisa. Sasa alikuwa ameanza na kompyuta. Mezani palikuwa na moja ya mteja, na chini ya meza katoni iliyojaa mausi kuukuu alizozinunua Kampala kwa jumla.

Theopista alifika saa kumi, akitoka kazini, akaweka mikono yote miwili juu ya meza.

"Nataka mausi."

Hamidi aliivuta miwani yake, akaitazama mikono ile bila kujificha wala kuionea huruma.

"Unaweza nini nayo, bibie?"

Tangu Jumatatu kila mtu alikuwa amemwambia Theopista asichokiweza.

"Kusukuma naweza," akasema. "Kwa hapa chini ya kiganja. Kugandamiza naweza, kwa ngumi, hata kwa nguvu. Kubana hapana. Na kutuliza mkono huku nabonyeza kwa mkono huohuo, hapana kabisa."

"Tutazame."

Wakaanza na ndogo, ambayo Hamidi alidhani ingekuwa nyepesi kwake. Ilipotelea chini ya mkono wake kama kokwa. Wakaja na kubwa yenye vitufe vitatu: hiyo aliweza kuisukuma, ila kila alipotaka kubonyeza kimoja, ngumi iliangukia vyote. Ya tatu ilikuwa na kijimpira ubavuni cha kuzungushwa kwa kidole gumba.

"Gumba langu liko wapi, Fundi?"

"Samahani. Nimesahau."

"Basi usisahau."

Na kila mausi mpya ilitaka kompyuta izimwe, iwashwe, isubiriwe ijifikirie. Siku ya kwanza walijaribu nne. Siku ya pili tatu, kisha umeme ukakatika. Siku ya tatu Hamidi akaleta kijiti cha michezo ya watoto, mshale ukazunguka kioo kizima kama nzi aliyelewa. Theopista alikuwa na njaa, mabega yanauma, na nyumbani Koku alikuwa akisubiri kupikiwa. Aliichukua tena ile kubwa ya vitufe vitatu, mshale ukakimbia tena, akaipiga kofi. Ikapinduka mezani, tumbo juu, mpira wake wa ndani ukionekana kupitia tundu.

"Mshenzi wewe!" akaiambia, akaushusha mkono wake juu yake ili aisukume pembeni.

Mshale ukasogea.

Akauinua mkono. Akaushusha tena, akausugua ule mpira taratibu kwa kisigino cha kiganja. Mshale ukaenda kulia kwa utulivu, ukasimama pale aliposimama yeye. Mausi yenyewe haikwenda popote. Ilikuwa imelala chali, imetulia kama mtoto anayekandwa tumbo.

"Fundi, njoo uone."

Hamidi akaja. Theopista akasukuma mbele. Mshale ukashuka chini. Akavuta nyuma; ukapanda juu.

"Kulia na kushoto inatii," akasema kwa hasira. "Juu na chini imekuwa kichwa ngumu."

"Kwa sababu umeipindua. Inadhani dunia ndiyo imepinduka." Hamidi alikuwa tayari ameshika bisibisi. "Hiyo ni nyaya mbili tu, bibie. Nitazibadilishana nafasi. Lakini vitufe sasa viko chini, utabonyezaje?"

"Vitoe."

"Nivitoe?"

"Vitoe nje. Viweke upande wa mkono wa kushoto, mbali. Viwe vikubwa, na viachane, ngumi isiangukie viwili. Mkono mmoja usukume, mwingine ubonyeze. Usiupe mkono mmoja kazi mbili."

Fundi alimtazama kwa heshima aliyokuwa nayo kwa watu wachache sana.

Ilichukua siku tano. Mausi ya kwanza iliungua Hamidi alipokuwa akiilehemu. Ya pili ilifanya kazi, ila mpira ulichomoka na kubingirika hadi mtaroni. Ya tatu aliichongea kiota ndani ya ubao wa mninga, akaifunika kwa pete ya bati iliyolainishwa kwa msasa isimkwaruze, akazivuta nyaya zake hadi kwenye swichi mbili za kengele ya mlangoni, nyeupe, kila moja pana kama kifuniko cha chupa ya chai. Theopista alilipa bei ya swichi na ubao. Ufundi Hamidi alisema amejifunza, kwa hiyo wako sawa.

Bwana Pastory alipokiona kibao hicho ofisini, alicheka.

"Hiki nini? Mtego wa panya?"

"Ni mausi yangu."

"Haiingii kwenye kompyuta ya wafadhili hiyo. Ikiungua nitasema nini? Mtaalamu wao anakuja tarehe thelathini. Yeye ndiye ataamua." Akamwinamia, akashusha sauti kama mtu aliyeficha zawadi. "Na usihangaike sana. Kuna jambo zuri linakuja."

Basi kwa wiki mbili zilizobaki Theopista aliingiza majina yote kwa ndoana na ngumi, Pastory akimfungulia na kumfungia majalada kwa mausi ya ofisi, akikosea, akilaumu umeme. Kila jioni kabla ya kwenda nyumbani, Theopista alipita kwa Hamidi, akafanya mazoezi saa nzima.

*

Tarehe thelathini walikwenda Muleba na gari la shirika, kompyuta ikiwa imefungwa blanketi kama mgonjwa. Ukumbini palikuwa na jenereta nje ya dirisha, wajumbe wa bodi kumi na moja, na mwenyekiti wao, Mama Bernadina, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya wilaya na sasa alikuwa akihesabu waliobaki. Kibao chake Theopista alikuwa nacho mkobani.

Mtaalamu kutoka Dar es Salaam aliitwa Burhani, kijana nadhifu mwenye shati la mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni. Baada ya salamu akasimama.

"Waheshimiwa, kabla ya yote, kuna barua iliyotugusa sana." Akakunjua karatasi ya faksi. "'Ninyi mnaowajali wanyonge, mtazameni mke wangu Theopista, mlemavu asiyejiweza, ambaye mikono yake imekuwa mzigo kwake na kwetu...'"

Theopista aliujua mwandiko hata kutoka alipokaa. Herufi zile zilikuwa nzuri mno. Akatazama chini, na chini akaiona mikono yake, akaona haifai kuitazama hiyo pia, akamtazama Pastory. Pastory alikuwa anatabasamu kwa wema wote.

Barua ilikuwa ndefu. Ilipokwisha wajumbe walitikisa vichwa kwa huruma, na Burhani akatoa sanduku jipya linalong'aa.

"Tumemwagizia Nairobi mausi maalumu ya walemavu. Ni ghali, lakini anastahili. Mama, karibu mbele. Bwana Pastory, piga picha."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa na mabonde yaliyochongwa, kila kidole na bonde lake, na la gumba likiwa na kijigurudumu. Kiwanda kilichoitengeneza kiliwaza mkono unaouma, wenye vidole vitano vilivyonyooka. Theopista aliuweka mkono wake juu. Ukakaa kama kuku juu ya mayai ya bata. Akasukuma, mausi ikaenda na mkono ukabaki. Kamera ikamulika.

"Utaizoea," akasema Burhani.

"Sitaizoea."

"Ni ya kitaalamu, mama. Imefanyiwa utafiti."

"Kwa mkono wa nani?"

Pastory akakohoa. "Theopista, wageni wametoka mbali..."

"Na mimi nimetoka mbali, Bwana Pastory. Nimejaribu mausi nane Bilele, nikajua ninachotaka. Mlikuwa na wiki tatu. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza: Theopista, mkono wako unaweza nini? Mmeuliza Nairobi. Hii siitaki."

Theopista alijua kwamba huenda kazi imemtoka saa hiyo hiyo. Alifikiria karo ya Koku. Hata hivyo hakulirudisha neno lake.

"Unachotaka ni kipi?" aliuliza Mama Bernadina.

Theopista akatoa kibao mkobani, akakiweka mezani. Mjumbe mmoja akacheka, akaacha alipoona mwenyekiti hacheki.

"Hakijathibitishwa," akaanza Pastory.

Lakini Burhani alikuwa ameshakiinua, anakigeuza, ananusa risasi ya kulehemu. Ufundi uliishinda aibu yake. "Ameigeuza chali," akasema, kama anayejisemea. "Na mhimili mmoja amebadilisha nyaya... Nani ametengeneza hiki?" Bila kungoja jibu akapiga magoti chini ya meza, akakichomeka.

Wakasubiri kompyuta iwake. Ilichukua muda mrefu kuliko sala.

"Chukua hili," akasema Mama Bernadina. "Kamachumu. Watoto watatu wa marehemu Kagaruki. Mlezi wao ni shangazi yao, Petronila. Tumemzika Alhamisi. Sasa wako kwa bibi mzaa mama, anaitwa Limi."

Theopista akaushusha mkono wa kulia juu ya mpira. Mshale ukapanda, ukasita juu ya jalada, ukatulia. Ngumi ya kushoto ikagonga swichi: ti-ti. Jalada likafunguka. Akashuka kwenye orodha, akalikuta jina, akaligandamiza, akalivuta hadi mwisho wake likawa jeusi. Petronila akatoka. Akapiga herufi nne, moja moja. Limi akaingia. Majina mengine yote yakabaki palepale.

Mama Bernadina alikuwa amesimama nyuma yake. Hakumgusa.

"Andika pia kwamba haoni vizuri," akasema polepole. "Huyo bibi. Watu wasimpelekee karatasi, waende wenyewe."

Theopista akaandika.

Bodi haikupiga kura. Mwenyekiti alisema orodha itabaki kwa Theopista, kwa mshahara uleule, na wakaingia kwenye ajenda ya pili. Burhani alikuja kumwomba jina na mtaa wa fundi, akaviandika kwenye daftari. Pastory alikuja kumwomba arudi mbele mara moja tu, auweke mkono wake juu ya mausi ya Nairobi, kwa ajili ya ripoti.

"Waitu, ndugu yangu Bwana Pastory," akasema Theopista kwa sauti ya mtu aliyechoka kabisa, "ipige picha yenyewe. Inapendeza."

*

Alifika Buhembe jua likiwa bado juu. Mwalimu alikuwa ameketi uani, akainuka kwa furaha.

"Imekuwaje? Wamekuletea?"

"Asiyejiweza," akasema Theopista.

Furaha ikaondoka usoni mwa Mwalimu.

"Mama Koku, ile ni lugha ya barua tu. Wafadhili ndivyo wanavyotaka."

"Nimewapigia chapa wafadhili barua miaka tisa. Lugha yao naijua. Mzigo kwake na kwetu. Kwetu nani? Ni nani hapa aliyenibeba?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Najua. Ndiyo maana sijui hata nikukasirikie vipi."

Akampita, akaingia jikoni, akatoka na mkungu wa ndizi uliokatwa nusu, ubao na kisu. Akaketi kwenye mkeka. Alikuwa na namna yake: ngumi inaigandamiza ndizi ubaoni, kisu kinakaa ndani ya ndoana. Ilikuwa kazi ya taratibu, na leo mabega yalikuwa yamechoka. Kisu kikamponyoka. Akakiokota. Kikamponyoka tena.

Mwalimu aliruka, mkono ukiwa umeshanyooshwa kukichukua. Halafu akasimama hapohapo, mkono hewani, kama mtu aliyekumbuka kitu mlangoni.

"Nikumenyee," akauliza, "au nikuache?"

Theopista akamtazama. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa hakukumbuka kuulizwa swali hilo. Ilimbidi alitafute jibu lake.

"Menya," akasema mwishowe. "Nimechoka."

Mwalimu akaketi, akachukua kisu, akaanza. Hakuwahi kumenya ndizi maishani mwake. Utomvu ulimchuruzika hadi kwenye suruali ya kazini, na kila ganda lililoanguka lilikuwa nene, limebeba nusu ya chakula. Theopista alivumilia ndizi ya kwanza. Alivumilia na ya pili.

"Kiinamishe kisu," akasema ya tatu ilipoanza. "Unatupa chakula."